Kibanja kwa Bei ya Mgeni

Kikao kilikuwa Jumapili moja ya Julai 2016, miezi miwili kabla ya tetemeko la Septemba 10 lililopasua kuta za Bukoba. Tulikutana nyumbani kwa baba mdogo, upande wa Muleba, ukishapita Muhutwe. Bakuli la kahawa za kutafuna likazungushwa, kila mtu akachota mbili tatu na kuanza kutafuna polepole, kama wafanyavyo watu wanaojua wanachokwenda kusema ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza.

Habari ilikuwa imeshatufikia wote. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, anayeishi Mwanza, alikuwa ameuza kibanja alichoachiwa na marehemu baba yake. Alimuuzia mfanyabiashara wa dagaa wa Kemondo, kijana mstaarabu, asiye na ugomvi na mtu, ila si wa ukoo wetu. Milioni nane, taslimu, na karatasi ilishasainiwa.

Baba mdogo akasimama. Si mtu wa maneno mengi. "Kaburi la baba yangu liko mle," akasema. "Mle hawezi kulala mgeni. Nitamrudishia fedha zake."

Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, tena kwa nguvu, maana niliyepiga makofi sikuwa nalipa chochote.

Kuna jambo ambalo halikutajwa siku ile. Krismasi ya mwaka uliotangulia, kaka yangu alikuwa amemfuata baba mdogo sebuleni humo humo. Alimwambia wazi kwamba Mwanza kumembana, kibanja hana nguvu ya kukihudumia, kwa hiyo ampe milioni tano shamba libaki nyumbani. Akaambiwa asubiri kahawa. Kahawa ikavunwa, ikauzwa, bati la jikoni likabadilishwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Kibanja chenyewe tangu mzee afariki hakikuwa kimetandazwa nyasi hata mara moja. Magugu yalikuwa yameimeza mibuni mpaka shingoni, migomba inaanguka na mikungu yake, na sisi tulikuwa tunapita pembeni kwenda misibani na harusini bila kugeuza shingo. Alipotokea mtu wa Kemondo na kukitolea macho, ndipo na sisi tukakiona.

Msomaji wa nje ya Kagera anaweza kushangaa: shamba limeshauzwa, karatasi ipo, fedha zimehesabiwa, sasa kurudishiana kunatoka wapi? Kwa Wahaya kibanja cha ukoo hakikuwa mali ya mtu mmoja kama baiskeli. Hans Cory na Hartnoll, waliokusanya mila hizi na kuzitia kitabuni mwaka 1945, waliliandika jambo hili waziwazi. Mwanaukoo akiuza shamba la ukoo bila ridhaa ya wenzake, mwenzake yeyote anaweza kumrudishia mnunuzi bei aliyotoa, na shamba likawa la huyo aliyetoa fedha. Kiswahili chetu cha kule husema kukomboa. Haki hiyo ina sharti, nalo ni gumu: hukomboi kwa bei unayoiona wewe kuwa ni ya haki. Unakomboa kwa bei aliyoikubali mgeni.

Kesi mashuhuri kuliko zote kuhusu jambo hili ilianzia humo humo Muleba, katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha. (Ndiyo, Kashasha ile ile ambako mwaka 1962 wasichana wa shule walishikwa na kicheko kisichokoma mpaka shule ikafungwa. Mahali padogo, historia ndefu.) Mwanamke aitwaye Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Uzee ukamkuta bila mtu wa kumtunza, na Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa kaka yake akaenda mahakamani kudai kwamba kwa mila shangazi yake, kwa kuwa ni mwanamke, hana uwezo wa kuuza. Kashasha wakakubaliana naye: mauzo yakafutwa, na shangazi akaamriwa amrudishie mnunuzi fedha. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikakataa, ikisema Katiba sasa ina Haki za Binadamu na mwanamke ni sawa na mwanamume. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza.

Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu ambayo wanafunzi wa sheria wanaikariri hadi leo kama Ephrahim dhidi ya Pastory. Wengi wanaikumbuka kwa sehemu ya kwanza: kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kuuza inapingana na Katiba, na shangazi ana uwezo ule ule alionao mwanamume. Mimi sehemu ya pili ndiyo inayonikaa kichwani. Jaji hakuwanyang'anya wanaukoo haki yao ya kukomboa. Aliiacha, akaiwekea saa: mwombaji akilitaka shamba, amlipe mnunuzi zile 300,000 ndani ya miezi 6. Asipolipa, ni la mnunuzi.

Tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Kule Kashasha, mpwa alikuwa amelirudisha shamba kwa mdomo, na gharama zote zikamwangukia bibi kizee. Kule Mwanza akaambiwa, kwa lugha ya kisheria, neno ambalo dalali yeyote wa soko la Bukoba angemwambia bure: unalitaka? Lipa.

Niliishi na hadithi hizi mbili, ya kikao chetu na ya Kashasha, bila kuziona kuwa zinahusu chochote nje ya migomba, mpaka mpwa wangu aliponiletea ya tatu. Ni mtoto wa dada yangu, wakati huo akisoma chuo Mwanza na akicheza mpira wa kikapu. Kwa wengi wetu kikapu cha Marekani kinaanzia na kuishia kwa Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili na Memphis mwaka 2009, akiwatangulia James Harden na Stephen Curry. Mpwa wangu alikuwa amezama zaidi ya hapo, anakesha na simu. Alikuja likizo Julai 2017, akanikuta nje nikianika maganda ya kahawa.

"Mjomba, unakumbuka kikao cha babu? Kuna timu Marekani ilifanya vile vile, mwezi ule ule. Juzi wameanza kulia."

Timu yenyewe ni Portland Trail Blazers, na hadithi inahitaji maelezo kidogo ya namna ligi ya NBA inavyoendeshwa. Zamani mchezaji alikuwa amefungwa kwa timu yake kama ng'ombe kwenye mti. Akitaka kuhama, labda timu yenyewe imuuze. Mwaka 1970 Oscar Robertson, mchezaji nyota na kiongozi wa chama cha wachezaji, aliongoza kesi dhidi ya ligi, ikamalizika kwa mapatano mwaka 1976. Kutokana na mapatano hayo, miaka ya 1980 ilianza na utaratibu ambao Mhaya yeyote angeutambua. Mchezaji aliyemaliza mkataba anaruhusiwa kusikiliza dau la timu nyingine, hata kumwaga wino kwenye karatasi ya ofa, ila timu yake ina haki ya kulifikia dau hilo na kubaki naye. Leo haki hiyo inawagusa zaidi vijana wanaomaliza mkataba wa kwanza. Mwaka 2016 timu ilipewa siku 3 za kuamua. Kama hukumu ya Mwanza, ila miezi imegeuka siku.

Allen Crabbe alikuwa kijana wa Portland, mpiga mipira ya mbali, mpole, anayeanzia benchi. Mbele yake walikuwepo Damian Lillard na C.J. McCollum, na hao hakuna aliyefikiria kuwaweka nje. Msimu wa 2015–16 alipata wastani wa pointi 10.3 kwa mchezo. Mchezaji mzuri wa akiba, basi. Majira hayo ya joto, mkataba mpya wa televisheni ulipandisha kikomo cha mishahara cha kila timu kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94 kwa mkupuo mmoja. Ligi nzima ikawa kama Bukoba usiku senene wanapoanguka: kila mtu na taa yake, kila mtu na gunia, na hakuna anayeuliza jirani amekamata wangapi kwa ajili ya nini.

Brooklyn Nets walikuwa na fedha na hawakuwa na kitu kingine. Mwaka 2013 walikuwa wamewapa Boston haki zao za kuchagua chipukizi kwa miaka kadhaa ili wapate wazee wawili maarufu, Kevin Garnett na Paul Pierce, na wazee wakazeeka kweli. Njia iliyobaki ilikuwa kuchungulia vibanja vya watu. Walimwekea Tyler Johnson wa Miami dola milioni 50 kwa miaka 4, tena kwa hila: miaka 2 ya kwanza chini ya milioni 6 kwa mwaka, kisha ghafla zaidi ya milioni 19 kwa kila mwaka uliobaki, ili atakayefikia dau aumie baadaye. Crabbe wakamwekea karibu milioni 75 kwa miaka 4.

Miami wakafikia. Portland nao wakafikia.

Sitaki kuwacheka Portland haraka, kwa sababu hoja yao ilikuwa na kichwa. Kanuni za ligi zinaruhusu timu kuvuka kikomo cha mishahara kumbakiza mchezaji wake, lakini si kumleta wa nje wa thamani hiyo. Kwa hiyo fedha za Crabbe hazikuwa fedha zinazoweza kwenda kununua mwingine. Ama ziende kwake, ama zibaki kwa tajiri wa timu, Paul Allen, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, ambaye hakuwa na njaa. Ukimwacha, unabaki na nafasi tupu. Ukimbakiza, angalau una mtu mkononi. Ndivyo tulivyosema na sisi sebuleni: kikienda kimekwenda, na kibanja kingine cha babu hakiuzwi dukani.

Kasoro ya hoja hiyo inakuja kuonekana ukiuliza swali ambalo siku ya kikao linaonekana la utovu wa adabu. Kabla Brooklyn hawajabisha hodi, Crabbe alikuwa na thamani gani kwenu? Mchezaji wa akiba. Baada ya kubisha hodi, mchezo wake ulibadilika nini? Hakuna. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwingine alimtaka, na tarakimu iliyoandikwa kwenye karatasi ilitoka kwenye shida za Brooklyn, timu isiyo na chipukizi, isiyo na ushindi, yenye fedha za kumwaga. Portland walilipa bei ya shida ya mtu mwingine. Yule mfanyabiashara wa Kemondo alikiona kibanja chetu akiwa na macho ya mtu anayetaka kujenga ghala karibu na barabara ya lami. Milioni nane ilikuwa bei ya barabara. Baba mdogo alikuwa ananunua migomba.

Halafu mchokozi hapotezi kitu. Brooklyn fedha zao zilifungwa kwa siku 3, zikarudi zikiwa salama, na mpinzani kabaki na mzigo. Mwaka 2017 wakarudia kwa Otto Porter wa Washington, zaidi ya dola milioni 100, na Washington nao wakafikia. Mara hizo tatu Brooklyn walipanga mishahara ya timu za wenzao.

Crabbe hakucheza vibaya, na haki yake aipate. Msimu uliofuata alikuwa wa pili katika ligi nzima kwa usahihi wa mipira ya pointi tatu, zaidi ya asilimia 44. Wastani wake ukawa pointi 10.7. Yaani aliendelea kuwa yule yule, ila sasa kwa zaidi ya dola milioni 18 kwa mwaka. Timu ikashuka kutoka ushindi 44 hadi 41, ikakutana na Golden State raundi ya kwanza na kutolewa bila kushinda mchezo hata mmoja. Kisha likaja daftari. Majira yale yale ya 2016 Portland walikuwa wamewamwagia wino na wengine, Evan Turner milioni 70, Meyers Leonard milioni 41, na sasa timu ya katikati ya msimamo ilikuwa inakabiliwa na kodi ya anasa, ile adhabu ambayo ligi huwatoza wanaopita mpaka wa mishahara. Kodi hiyo hulipwa na mabingwa wakiwa wanacheka. Kuilipa kwa ajili ya ushindi 41 ni kuchinja ng'ombe kwa mgeni ambaye hakuja.

Kuna kanuni moja ambayo mpwa wangu alinieleza akicheka hadi maganda yakamponyoka mkononi. Timu ikishafikia dau, haiwezi kumpeleka mchezaji huyo kwa timu iliyomwekea dau mpaka mwaka upite. Mwaka ulipotimia, Julai hiyo hiyo, Portland walimpeleka Crabbe wapi? Brooklyn. Kwa timu ile ile. Walichopewa ni Andrew Nicholson, Mkanada ambaye hawakuwa na kazi naye, na kabla hajavaa jezi wakamvunjia mkataba. Alikuwa anadai miaka 3, karibu dola milioni 20, na kanuni ikawaruhusu kulirefusha deni hilo kwa miaka 7, takriban milioni 2.8 kila mwaka. Lillard, roho ya timu ile, aliondoka kwenda Milwaukee mwaka 2023. Msimu huo wa 2023–24 Portland walikuwa bado wanamlipa Nicholson, mtu ambaye hakuwahi kuwafungia hata kikapu kimoja, kwa sababu ya mchezaji wa akiba wa mwaka 2016.

Na Brooklyn waliompata hatimaye? Mwaka 2019 walihitaji nafasi ya kuwasajili Kevin Durant na Kyrie Irving, wakawapa Atlanta Crabbe pamoja na haki mbili za kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza ili wamchukue. Hivyo hata aliyeweka bei hakuiamini. Hili sikumwambia baba mdogo. Lisingemsaidia.

Si kwamba kufikia dau ni ujinga kila mara. Mwaka 1982 Philadelphia walimwekea Moses Malone, mchezaji bora wa ligi, dau ambalo Houston hawakutaka kuishi nalo. Houston walifikia hata hivyo, kisha wakampeleka Philadelphia kwa makubaliano, wakapewa mchezaji na haki ya kuchagua chipukizi. Philadelphia wakawa mabingwa mwaka 1983, na Houston hawakubaki mikono mitupu. Wao walijua, kabla ya kutia saini, kwamba wanachokomboa si shamba. Ni nafasi ya kukaa mezani. Tatizo la kikao cha familia ni kwamba hakuna anayekaa mezani. Watu wanasimama.

Na katika shughuli yote hii yupo mtu ambaye mara nyingi haulizwi. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, mmoja wa vijana wetu wa upande ule wa ziwa Kivu, mwaka 2025 alikuwa katika hali hiyo ya uhuru nusu na Golden State. Miezi ikapita, timu zikamtamani kwa maneno, na hakuna iliyoweka karatasi ya ofa mezani. Mwisho wa Septemba akakubali kubaki pale pale alipokuwa. Usiwalaumu waliosita. Nani atahangaika kupima shamba, kupanga bei, kufunga fedha zake, kwa kitu ambacho mwenyewe anaweza kukibeba mwishowe? Shangazi wa Kashasha alikuwa mzee, hana wa kumtunza. Mnunuzi akijua kwamba nyuma yake kuna mpwa mwenye haki ya kurudisha bei, atapunguza dau au atakwenda kwingine. Wanaukoo husema wanalinda. Anayelindwa hupata kidogo.

Sisi Watanzania tuna mfano wetu wa kumshikilia asiyetaka kukaa, ingawa huo ni wa soka na hauna dau la kufikia. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, aliweka fedha mezani kuvunja mkataba wake na Yanga. Kamati ya shirikisho la soka, TFF, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Mkataba ukabaki salama, na mchezaji akabaki nje ya uwanja, mpaka Juni 2023 suala lilipofika hata masikioni mwa Rais, na Fei akaenda Azam. Miezi ile karatasi ilikuwa ya Yanga na miguu ilikuwa ya mwenyewe.

Kibanja hakina miguu, ndiyo maana tunakipenda. Lakini kinakula.

Baba mdogo hakuwa na milioni nane. Milioni tatu alikopa kwenye chama cha kuweka na kukopa. Aliuza ng'ombe wawili, wale wawili tu aliokuwa nao. Sehemu kubwa iliyobaki aliipata kwa butura: kahawa ya kibanja chake mwenyewe, misimu miwili mbele, ikiwa bado ua kwenye matawi, akaiuza kwa mtu wa mjini aliyempa fedha mkononi kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku butura sijui mara ngapi. Marufuku haikopeshi. Kaka yangu wa Mwanza alirudisha shilingi ngapi kati ya zile milioni nane? Hakuna. Hakutakiwa. Mfanyabiashara ndiye aliyerudishiwa zake, akazihesabu mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akasema "ahsante mzee", akaondoka na pikipiki yake bila kinyongo chochote. Nilidhani atakasirika. Sikujua kwamba asiyekasirika ana haki ya kusubiri.

Kibanja cha Kihaya huendeshwa kwa samadi na nyasi. Unafyeka nyasi kwenye rweya, ule uwanda wa nyasi, unazibeba kichwani, unazitandaza chini ya migomba, na ng'ombe anafanya mengine. Ng'ombe walikuwa wameuzwa. Kwa hiyo sasa baba mdogo alikuwa na vibanja viwili na samadi ya sifuri. Msimu wa kwanza wa butura watu wa yule mnunuzi walikuja na magunia yao kuchuma kahawa ya mbele ya nyumba, wakipita dirishani kwake asubuhi na kumwamkia. Alikuwa anawajibu marahaba. Mwaka wa pili mikungu ya shamba lake la nyumbani, lililokuwa likilisha watoto sita, ilikuwa midogo kama ya migomba ya kando ya barabara. Kile kilichokombolewa kilirudi kwenye magugu yake. Nilipomuuliza mbona hakilimi, alinitazama kwa muda. "Nikilime kwa mkono upi?"

Mwaka 2019 alimkodisha sehemu ya chini mfanyabiashara wa Kemondo. Mwaka 2021 kulikuwa na kikao kingine, kifupi, bila bakuli la kahawa, na hakuna aliyesimama. Kibanja chote, kaburi likiwa limetengewa mpaka wake, kilikwenda kwa mtu yule yule kwa milioni sita na nusu. Haki ya kukomboa ilikuwepo bado, kwa kila mmoja wetu. Nilihesabu vichwa sebuleni: tulikuwa kumi na mmoja. Mpwa wangu, aliyekuwa ameshaanza kazi, alinisogelea sikioni akasema jina moja tu, la Mkanada yule, nami nikamkanyaga mguu anyamaze.

Krismasi iliyopita nilimsindikiza baba mdogo kumsalimia jirani yake huyo. Tulipita kwenye mlamula wa mpakani tukaingia. Nyasi zilikuwa zimetandazwa hadi magotini, laini, zenye harufu ya mvua. Mibuni imepogolewa. Ghala la barabarani bado halijajengwa. Amejenga banda la ng'ombe. Kaburi la babu lilikuwa limefyekewa na kuzungushiwa maua mekundu, na pembeni pamewekwa benchi la mbao, dogo, la mtu mmoja au wawili.

"Shikamoo mzee," mwenyeji akasema, akiinama kidogo. "Karibuni, waitu. Kaeni."

"Marahaba."

Mke wake akaleta kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo cha ukindu. Baba mdogo akachukua mbili, akatafuna, akatulia.

"Hizi ni za mibuni ya pale juu?"

"Ndiyo, mzee. Za pale juu."

"Ile alipanda baba," akasema, akanyoosha mkono, akachukua ya tatu.